Moto Umekomea Kwangu, Mkwe Hanisemeshi

Mpendwa mshauri, wenzangu hukuandikia wakiwa wameshindwa, mimi nakuandikia nikiwa nimeshinda, na naomba unisaidie kuubeba huu ushindi maana umeanza kunielemea, nyumbani hakuna tena anayetaka kuusikia na harusi ya binti yangu imesimama kwa sababu ya huo ushindi.

Mimi ni mama wa makamo, mjane, nina kitalu cha miche na mtaani wananiita Mama Miche. Kiwanja changu ndicho cha mwisho kabla ya pori, ukitoka nyuma ya nyumba ni nyasi tupu mpaka kilimani, nyasi ambazo mvua ikinyesha zinakufika kiunoni na kiangazi kikikaza ukizipita zinalia zenyewe kwa ukavu. Marehemu mume wangu alipokipenda kiwanja hiki alisema tutapata upepo mzuri, na upepo tumeupata kweli, asiyeupata ni yule asiyekuja kututembelea.

Upande wa chini napakana na seremala, Fundi Randa, mtu tuliyeishi naye kwa wema miaka yote hii, na sasa kijana wake ndiye anayetaka kumuoa binti yangu, kwa hiyo ni mkwe. Sisi wawili tulikuwa na utaratibu wetu. Yeye akishapiga randa anakuja kumwaga maranda mpakani, mimi kwa upande wangu nachota na kwenda kutandika juu ya viriba vya miche ili udongo usikauke, yeye kapata pa kutupa, mimi nimepata cha kutandika, na kwa kuwa yeye anamwaga kwa kasi kuliko ninavyochota, lile lundo likawa linakua kila mwaka na hakuna aliyeuliza ni la nani. Lilikuwa letu tu.

Basi mwaka huu halmashauri wakabandika tangazo kwamba kila mwenye kiwanja kinachopakana na pori ahakikishe kabla ya kiangazi kukolea amefyeka mkanda wa kuzuia moto kuzunguka kiwanja chote, upana wa kutosha lori la zimamoto kupita, chini kubaki udongo mtupu, juu matawi yakatwe ili lori lisikwame, majani yatolewe kwenye mifereji ya paa, na kitu chochote kinachoshika moto kisikae mpakani wala karibu na nyumba, na asiyefanya wataleta trekta lao wafyeke wenyewe kwa gharama ya mwenye kiwanja. Mshauri, fikiria mtu anayeishi kwa kuuza miti anaambiwa akate. Nilikuwa na miparachichi niliyoibebesha vikonyo vya aina bora kwa mikono yangu mwenyewe, imesimama mstari mmoja kule nyuma kama wanafunzi, wateja wangu walikuwa wanaletwa kuitazama ndipo wanunue miche. Nilikata matawi ya chini yote na miwili iliyokuwa katikati ya mkanda nikaing'oa kabisa, na sikuficha machozi. Kisha nikaingia na fyekeo, nikaingia na jembe, nikaingia na reki, mimi na binti yangu na mama mmoja anayenisaidia kitaluni, mpaka chini pakawa peupe kama uwanja uliofagiliwa kwa msiba.

Fundi Randa akawa anatuangalia kutoka karakanani kwake na kucheka. Nikamwendea kwa adabu nikamwomba tuliondoe lundo la maranda, akaniambia, "Mkwe, moto ukitoka kule kilimani mpaka ufike hapa utakuwa umechoka." Nikamwonesha tangazo, akasema hiyo sehemu nikishaifyeka watu wataigeuza njia, na njia ikishakuwa njia hakuna wa kuifunga, nitakuja kukuta ng'ombe wa watu wanapita dirishani. Hayo nilivumilia. Lakini tulipokaa kikao cha wazazi kupanga harusi, mbele ya ndugu zangu na ndugu zake, akasimama na kusema huyu mkwe wangu asubuhi anauza miti na jioni anaikata, tumwombee asije akaifanyia hivyo na ndoa. Watu walicheka mpaka wakashikana mabega. Na mimi nilicheka, lakini mshauri, nilicheka kwa meno tu.

Kesho yake alipokwenda kupeleka makabati ya watu, nikachukua toroli nikalihamisha lundo lote. Nililipeleka kwenye shimo nililochimba kona iliyo mbali na nyumba zote mbili, nikalilowesha kwa mpira wa maji na kulifukia na udongo, na nakiri kwamba kulimaliza nililazimika kuvuka mpaka kidogo, hatua chache tu, kwa sababu lundo lenyewe halikujua mpaka. Alivyorudi akakuta peupe, akaingia ndani. Siku iliyofuata akaja mkaguzi wa halmashauri, akazunguka kwangu kote, akaangalia juu akaangalia chini, akaandika kwamba nimetimiza, kisha akageuza shingo akaona mabanzi na vipande vya mbao vya Fundi vimeegemea ukuta, akaenda kumwambia aviondoe. Mimi sikufungua mdomo. Lakini Fundi mpaka leo anaamini nimemshtaki, na mkewe aliniambia hivyo dukani mbele ya mzani.

Sasa sikia. Ilikuwa mchana, tumemaliza kula, upepo ukaanza kuvuma kutoka kilimani, nikasikia harufu kabla sijaona moshi. Nilipotoka nje kilima chote kilikuwa kinatembea kuja kwetu. Watu walipiga kelele, mtaa mzima ulitoka na ndoo, mimi nikakimbilia nyuma nikasimama kwenye mkanda wangu nikiwa na mpira wa maji mkononi, nasikia zile nyasi zinavyopasuka. Moto ukaja mpaka ukingoni. Ukasimama. Mshauri, ulisimama. Ukaenda kushoto ukitafuta pa kupitia, ukarudi kulia, chini hapana hata unyasi wa kushika, ukapungua, ukajikunja, ukafa pale pale mbele ya vidole vyangu vya miguu. Lori la zimamoto likaingia na kupita kwenye mkanda chini ya miparachichi yangu bila tawi hata moja kulikwaruza, likafika kona ya mbali na kuuzima uliokuwa unazunguka kwenda kwa majirani wa juu. Cheche ziliruka, kweli, nyingine ziliangukia paa langu na paa la kitalu, lakini zilipigwa na magunia mabichi, nadhani ni Fundi aliyekuwa kule juu na ngazi yake, sikumwangalia sana kwa sababu mimi nilikuwa mkandani. Hakuna nyumba iliyoungua. Hata banda la kuku la mtu halikuungua.

Tangu siku ile mimi ni mtu. Mkuu wa zimamoto alinishika mkono mbele ya watu. Halmashauri wanawaleta wenye viwanja wa mitaa mingine, wanasimama kwangu, upande mmoja weusi upande mwingine kijani, na mimi nawatembeza na kuwaeleza, na nikifika usawa wa karakana ya Fundi huwa naongeza sauti kidogo, mimi ni binadamu. Nauza miche kuliko zamani. Nalala vizuri. Kitu kimoja tu ndicho sijakipata, neno lake. Nataka Fundi Randa aje asimame mbele yangu aseme mkwe, ulikuwa sahihi. Maneno hayo tu, hata kwa sauti ya chini. Hajaja. Alimtuma mkewe aje kuniambia kwamba mkono wake una kidonda, akipona atakuja, nikamjibu sijui mkono na mdomo vinahusiana wapi. Kisha wiki iliyopita akamtuma kijana alete benchi la kukaa barazani, eti zawadi. Mshauri, mimi namjua yule mtu, akitengeneza kitu unaweza kupitisha kitambaa cha hariri kisinase, lakini hili benchi randa haikupita sawasawa, mguu mmoja umekwenda upande, nikajua limetengenezwa kwa hasira, ametaka kunifunga mdomo kwa mbao. Nikaligeuza likaangalia ukuta na hakuna anayelikalia.

Nimesema kikao cha harusi hakitakaa tena mpaka aliseme hilo neno. Binti yangu hali vizuri. Juzi aliniambia, "Mama, mimi naolewa na kijana wa watu, siolewi na mkanda wa moto," akaingia chumbani kwake, na tangu hapo ananijibu ndiyo na hapana tu. Naomba uniambie, nimpate vipi huyu mwanamume aseme ukweli bila mimi kuonekana naombaomba, nimwitie wazee, nimtumie ujumbe, au nikae kimya mpaka nyasi zimwoteshe aibu? Mimi sikukosea. Nataka tu na yeye ajue hivyo.

Mama Miche, kiwanja cha mwisho.

*

Mama Miche,

Kwanza kaa chini nikupigie makofi, na makofi haya ni ya moyo wote. Umeng'oa miti uliyoibebesha kwa mkono wako kwa sababu tangazo lilisema ukweli, na mtaa mzima umelala kwenye vitanda vyake. Nyinyi wengine mnaousoma ukurasa huu mkiwa na majani makavu kwenye mifereji ya paa na kuni zimeegemea mlango wa jikoni, mnaosubiri mkaguzi aje ndipo mtafute fyekeo la kuazima, huyu mama ni mwalimu wenu. Simameni, mwende mkafyeke, mtarudi kumalizia kusoma baadaye.

Sasa wewe. Nimeisoma barua yako mara mbili, na mara ya pili nilikasirika kidogo, nisamehe. Umenieleza kila unyasi. Umenieleza moto ulivyokwenda kushoto ukarudi kulia. Halafu umefika kwenye paa lako na ukalipita kwa maneno machache kama mtu anayepita nyumba ya mdai. Mama, mkanda unasimamisha moto unaotembea. Cheche haitembei, inaruka, na haina habari na udongo wako mtupu. Zile cheche zilipotua kwenye paa la nyumba yako na kwenye paa la kitalu chako, nani alikuwa juu na magunia mabichi? Unaniambia unadhani ni Fundi. Hudhani, unajua, maana umeitambua mpaka ngazi. Alikuwa na karakana yake mwenyewe, imejaa mbao na mabanzi, na mkaguzi ameshamwambia ni hatari. Yeye akaiacha hiyo akapanda kwako. Mtu aliyekuchokoza kikaoni, unayesema amekuona mshitaki wake, amepanda juu ya paa lako wakati kilima kinawaka.

Na ule mkono? Unauliza mkono na mdomo vinahusiana wapi. Mimi sikuwepo, lakini nina swali langu dogo: seremala ambaye anapitisha randa mpaka kitambaa cha hariri kisinase, leo analeta benchi lenye mguu uliokwenda upande, na mkewe amekwisha kukwambia ana kidonda mkononi, kidonda hicho amekipata wapi kama si juu ya paa lako? Wewe ukasoma hasira. Jamani, Mama Miche. Mtu mwenye hasira hakai akapiga randa kwa kiganja kilichoungua akitengeneza kitu cha wewe kukalia. Angekuwa na hasira angenunua biskuti dukani akakutumia. Lile benchi ndilo neno lenyewe unalolingojea, limesemwa na mtu ambaye mdomo wake hujua utani tu, na wewe umeligeuza likaangalia ukuta.

Sitamwachia na yeye hivi hivi. Fundi, kama gazeti limefika karakanani kwako, na najua litafika kwa sababu mtaa wenu nimeshauzoea bila kuuona, utani wa kikaoni ulikuwa mtamu lakini uliukata mahali pabaya. Ulikuwa unamcheka mtu anayeikinga na nyumba yako. Mtu akiwa sahihi, mwambie yuko sahihi, haipunguzi urefu wa mtu. Na kuhusu yale mabanzi, yaondoe leo, usingoje kidonda kikauke, kijana wako ana mikono miwili.

Na kuhusu lundo la maranda, mama, mlilijenga wote wawili. Yeye alimwaga na wewe ulichota, na lingewaka lingewaka kwa niaba ya nyumba zote mbili. Kulihamisha ulifanya vizuri, kanuni inakudai mpaka wako uwe safi. Kuvuka mpaka, mwenye kiwanja akiwa hayupo, hapo hapana. Hata mwenye haki hubisha hodi. Kama mtu angeingia kitaluni kwako akahamisha miche ukiwa sokoni, hata kama ni kwa faida yako, ungeandika barua ndefu kuliko hii.

Kuna jambo jingine na hili ni kubwa kuliko mimi na wewe. Wale wenye viwanja unaowatembeza, unawaonesha mkanda na unawarudisha makwao na nusu ya somo. Watafyeka, watakaa wakijiona salama, halafu cheche itatua kwenye paa ambalo hakuna mtu juu yake. Kuanzia kesho kila mgeni anayekuja kwako aoneshwe na paa. Aambiwe kuhusu ngazi, magunia yaliyoloweshwa mapema, pipa la maji lililojaa, na mtu aliyekubali kupanda. Na ukifika usawa wa karakana, endelea kuongeza sauti kama unavyopenda, lakini sasa taja jina lake la utani na useme alifanya nini. Hutaki ajisikie akitajwa? Nilidhani ndicho ulichokuwa unakitaka muda wote, mtu mmoja kumtaja mwingine hadharani kwa jema lake. Anza wewe.

Sasa fanya hivi. Kesho mchana, siyo jioni, mchana, nenda kwa Fundi. Usipite mpakani, zunguka upite mlango wa mbele kama mgeni, upige hodi. Usichukue wazee, usitume ujumbe, usibebe tangazo la halmashauri. Mwombe akuoneshe mkono. Utazame vizuri, na kama haujatibiwa sawasawa mpeleke zahanati siku hiyo hiyo hata akibisha, maana anabisha kila kitu huyo. Kisha mwambie, "Mkwe, nimekuja kukushukuru kwa paa." Hapo ufunge mdomo. Najua itakuwa ngumu. Akikuambia na wewe ulikuwa sahihi, itikia ahsante na usiongeze hata chumvi. Asiposema, kunywa utakachopewa, na kabla hujainuka mtajie siku ya kikao cha harusi. Harusi haikuzuiwa na moto, mama, imezuiwa na wewe, na binti yako anajibu ndiyo na hapana kwa sababu anaihesabu kila siku unayolingojea neno hilo kama siku iliyotolewa kwenye maisha yake.

Ukirudi nyumbani ligeuze lile benchi, likalie wewe wa kwanza, uone kama mguu unayumba, kisha mwite binti yako akae na wewe na umwambie siku ya kikao. Turubai la harusi msilifunge kwenye mkanda, hata mkipungukiwa nafasi, kanuni haijui harusi na lori lazima lipite. Mpate pengine.

Na nyasi, mama, hazikusomi gazetini. Mvua ya kwanza ikinyesha zitachipua pale pale peupe pako, na kiangazi kitarudi. Mkaguzi wa halmashauri akija mwakani, nataka akute wakwe wawili mpakani, mmoja na toroli na mwingine na reki, wanabishana kwa sauti nani amefyeka vizuri zaidi, na mjukuu mgongoni. Ubishi huo nimeuruhusu.

Mshauri wenu.